Ulaji Makini na Kioo cha Simu

Watu wawili waliopoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya walipewa chakula cha mchana, wakala, wakamaliza. Vyombo vikaondolewa. Baada ya dakika kati ya 10 na 30 wakaletewa chakula kingine cha mchana, nacho wakakila kana kwamba hawajatia kitu kinywani tangu asubuhi. Mara nyingi hata cha tatu kilipoletwa walianza kukila. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1998 na Paul Rozin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, pamoja na wenzake. Ulidhihirisha jambo ambalo wengi hawalidhanii: shibe haitoki tumboni peke yake. Sehemu yake ni kukumbuka kwamba umekula, na umekula nini.

Jambo hilo linakipa uzito kile ambacho Kiingereza hukiita "mindful eating". Kwa Kiswahili wapo wanaosema "kula kwa uangalifu", wapo wanaosema "kula kwa kuzingatia", na wapo wanaosema "ulaji makini". Hili la tatu linafaa kuliko mengine. Uangalifu hunusa hatari: samaki mwenye miiba huliwa kwa uangalifu, na mgonjwa wa kisukari huambiwa awe mwangalifu na sukari. Kuzingatia nako huvuta masharti, kama dozi, ratiba na maagizo ya daktari. Dhana yenyewe haimkatazi mtu chakula chochote; inataka akili yake iwe mahali mkono wake ulipo. Msomaji makini ni yule asiyeruka sentensi, na mlaji makini naye haruki tonge.

Kuhusu "ulaji", ni kweli kwamba mitaani neno hili limebeba maana ya kupata nafasi yenye fedha za chapuchapu. Lakini wataalamu wa lishe Tanzania wamekwisha kulizoeza katika "ulaji unaofaa", na hakuna anayewaelewa vibaya. Istilahi hizi mbili zikiwekwa pamoja kila moja inapata kazi yake. Ulaji unaofaa unahusu kilichomo sahanini. Ulaji makini unahusu namna kinavyoliwa.

Asili ya dhana hii iko mbali na jikoni. Mwaka 1881 T. W. Rhys Davids, Mwingereza aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Ceylon, Sri Lanka ya leo, alitumia neno "mindfulness" kutafsiri "sati", neno la Kipali katika maandiko ya Kibuddha. Sati ina undugu na neno la Kisanskriti lenye maana ya kukumbuka. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts programu ya kuwasaidia wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo, akiichukua dhana hiyo bila ibada zake. Zoezi lake maarufu ni la zabibu kavu moja: unaitazama, unainusa, unaiweka ulimini, kisha unaitafuna polepole.

Kioo cha simu huharibu nini hasa? Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011 na watafiti wa Bristol, Uingereza, watu walipewa chakula cha mchana chenye vitu tisa. Nusu yao walikula huku wakicheza karata za Solitaire kwenye kompyuta. Waliocheza walijiona hawajashiba vizuri, wakashindwa zaidi kukumbuka mpangilio wa vitu walivyokula, na walipoletewa biskuti nusu saa baadaye walikula karibu maradufu ya wenzao. Miaka miwili kabla ya hapo Suzanne Higgs na Morgan Woodward wa Birmingham walipata picha hiyohiyo kwa wasichana waliokula wakitazama televisheni. Chakula cha mchana hakikuwaachia kumbukumbu nzito, na alasiri walikula biskuti zaidi.

Hasara basi haiishii mezani, inamfuata mlaji hadi saa za baadaye.

Ladha nayo hupungua. Mwaka 2013 Reine van der Wal na Lotte van Dillen, watafiti wa Uholanzi, waliwapa watu tarakimu za kushika kichwani wakati wakionja vyakula. Waliobebeshwa mzigo mkubwa wa kukumbuka waliona ladha imefifia, na wakataka chumvi au sukari zaidi. Anayekula huku akifuatilia ujumbe wa kikundi cha simu yumo katika hali inayokaribiana na hiyo.

Wanaostahili kufikiriwa kwanza ni watoto. Siku hizi ni kawaida mzazi kumwekea mwana katuni kwenye simu ili afungue kinywa, na kijiko kupenya wakati macho yametekwa. Uji unaisha, lakini mtoto hajajifunza kuitambua njaa yake wala shibe yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto asiyefikisha mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne muda wake wa skrini usizidi saa moja kwa siku. Tangu mwaka 2003 shirika hilo limekuwa likihimiza mtoto alishwe kwa kutazamwa machoni na kuzungumzishwa.

Ulaji makini usiuzwe kama dawa ya kupunguza unene, maana hauahidi hilo. Wala usidhaniwe kuwa ni kula kimya na kwa upweke. Kweli, watu wakila pamoja na rafiki zao huweza kula zaidi, lakini mazungumzo ya sinia moja huwaacha wote palepale penye chakula, wakisogezeana kitoweo na kukisifu. Wauguzi wa kliniki za watoto, walimu na watafsiri wa vipeperushi vya lishe walitumie neno hili pamoja na maelezo yake ya vitendo: simu iwekwe mbali kabla ya kunawa mikono, televisheni izimwe, na mtoto aachwe aamue mwenyewe kwamba ameshiba.