Stesheni, Misheni na Operesheni

Katika maneno ya asili ya Kilatini yaliyopitia kwa Waingereza hata yakatufikia na mwisho wake wa -sheni, stesheni haikupata kufika Kansay, upande wa Karatu, kwa kuwa reli itokayo Tanga ilikoma Arusha mwaka 1929. Misheni ilitangulia, kwa mapadri wa Mbulu waliosoma misa kwa Kilatini chenyewe. Lakini lililotikisa nyumba za raia, kwa maoni yangu, ni operesheni, neno ambalo wagonjwa hulijua kwa kisu: baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza, Novemba 1973, kwamba kuishi vijijini ni amri, Operesheni Vijiji iliwaondoa watu katika makazi yaliyotawanyika, pamoja na mifugo na vyombo vyao, na mashamba ya wengi yakabaki mbali.