Mabomba Matano ya Yambuku

Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire, wauguzi walikabidhiwa mabomba matano ya sindano kila asubuhi. Matano tu, kwa wagonjwa wote, wa nje na waliolazwa. Akishadungwa mmoja, sindano inasuuzwa kwenye maji ya uvuguvugu, anaitwa mwingine. Mwishoni mwa Agosti mwalimu wa shule ya misheni alidungwa klorokwini kwa homa iliyodhaniwa kuwa malaria. Septemba ilipokwisha, 11 kati ya wahudumu 17 walikuwa wamekufa na hospitali ikafungwa. Waliougua ni 318, waliofariki 280. Virusi vikapewa jina la mto Ebola.

Kwamba ugonjwa ulipita mikononi mwa wauguzi ni kweli, nami nikiwa muuguzi sikatai. Ninachouliza ni nani aliyeona mabomba matano yanatosha.

Mwaka 1995 ikawa zamu ya Kikwit, nchini humo humo. Kati ya wagonjwa 315, takriban 80 walikuwa wahudumu wa afya, wakiwemo masista sita wa Kiitaliano waliokufa mmoja baada ya mwingine. Dawa haikuwepo, chanjo haikuwepo. Zilipofika glavu, barakoa na aproni, maambukizi kwa wahudumu yalikatika karibu kabisa.

Oktoba 2000, wanafunzi wa uuguzi walianza kufa katika Hospitali ya Lacor, mjini Gulu, Uganda. Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali hiyo alikuwa masomoni Kampala; akaitwa, akapekua mafaili ya wagonjwa, akafungua wadi ya kutengwa kabla majibu ya maabara hayajatoka. Wauguzi waliingia humo kwa kujitolea. Glavu jozi mbili, gauni, barakoa, miwani, buti. Ndani ya mavazi hayo unamnyanyua mtu anayetapika damu, unambadilishia shuka, unamnywesha maji. Hata hivyo, Novemba wenzao waliendelea kufa, nao wakakusanyika wakitaka hospitali ifungwe. Siuoni huo kuwa woga. Lukwiya aliwasihi, wakarudi kazini. Yeye mwenyewe aliambukizwa baada ya kukimbilia kumsaidia muuguzi aliyekuwa mahututi, bila miwani, akafariki Desemba 5. Lacor ilipoteza wahudumu 13. Sifa za ushujaa zilimiminika, na walistahili. Lakini kila zamu inahitaji glavu za kutosha na watu wa kupokezana kabla uchovu haujamfanya mtu asahau miwani.

Januari 2025, Ebola ya aina ile ile ya Gulu ilizuka tena Uganda. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa muuguzi wa Kampala mwenye umri wa miaka 32. Alizunguka vituo kadhaa vya afya akitafuta tiba, na ugonjwa wake ulithibitishwa alipokwisha kufa. Siku nne baada ya mlipuko kutangazwa, majaribio ya chanjo yalianza jijini humo.