Sindano na Kitanda cha Mfumi: Hoja Dhidi ya Kudunishwa kwa Shali za Kashmir Zilizodariziwa

Maandishi mengi kuhusu shali za Kashmir hupanga ngazi ya heshima ambayo ni nadra kuhojiwa. Juu huwekwa kani, yaani shali ambayo nakshi zake hufumwa pamoja na kitambaa chenyewe kwa vijiti vidogo vya mbao vinavyobeba nyuzi za rangi mbalimbali; chini yake huwekwa amli, shali inayofumwa bila nakshi kisha ikadariziwa kwa sindano. Ya kwanza huitwa sanaa, ya pili mwigo wa bei nafuu. Makala haya yanadai kwamba ngazi hiyo ilijengwa na ushuru na soko zaidi kuliko ufundi.

Kuhusu malighafi hakuna ubishi: ni pashm, manyoya laini ya ndani ya mbuzi wa nyanda za juu za Changthang huko Ladakh, ambayo kwa desturi husokotwa na wanawake kwa gurudumu la mkono. Wala hakuna anayekana kwamba kani ilishamiri mapema zaidi. Ubishi huanzia kwenye asili ya amli. John Irwin, katika utafiti wake wa mwaka 1955 unaotegemea kumbukumbu za William Moorcroft, Mwingereza aliyekuwa Kashmir mwaka 1822 na 1823, anaeleza kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 Mwarmenia aitwaye Khwaja Yusuf, wakala wa wafanyabiashara wa Constantinople, alishirikiana na fundi Ali Baba kuiga nakshi za kani kwa sindano. Shali hizo ziligharimu theluthi moja ya bei ya kani, tena zilikwepa ushuru wa serikali ambao mwaka 1823 ulikuwa asilimia 26 ya thamani. Mwaka 1803 mafundi wenye ujuzi huo walikuwa wachache. Miaka 20 baadaye walikisiwa kufikia 5,000, wengi wao wakiwa wamiliki wa ardhi walionyang'anywa mali na Ranjit Singh, mtawala wa Masikh, baada ya kuiteka Kashmir mwaka 1819.

Wanaoidunisha amli huishia kwenye ile theluthi, ilhali sehemu yenye uzito zaidi katika kifungu hicho ni ushuru. Kilichotozwa ni shali ya kitanda cha mfumi, kwa kuwa kitanda hakifichiki: hukaa mahali pamoja, huhesabika, na kazi iliyo juu yake huweza kukaguliwa na kupigwa muhuri hata kabla haijakamilika. Sindano haina anwani. Kwa hiyo bei ya amli haiwezi kuchukuliwa kuwa kipimo cha ustadi, maana ndani yake mmejumlishwa pia uhuru wa kutolipa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Shali kubwa ya kani iliweza kukaa kwenye kitanda kimoja kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na ili kuharakisha kazi, wakati huo huo wa Moorcroft, ilikuwa imezoeleka kuigawa katika vipande vilivyofumwa kwenye vitanda kadhaa, hata vinane, kisha vikaunganishwa na rafugar, fundi wa sindano ambaye mishono yake haikupaswa kuonekana. Shali iliyosifiwa kuwa ya kufumwa tupu ilikuwa basi, katika hali nyingi, imekamilishwa kwa sindano. Ali Baba mwenyewe alikuwa rafugar, na yaelekea Khwaja Yusuf hakubuni ufundi bali aliupatia mnunuzi.

Mpinzani atasema kwamba kazi inayoweza kufundishwa kwa maelfu ya wenye ardhi waliofilisika haiwezi kuwa ngumu. Hoja hii inasahau mgawanyo wa kazi: naqqash huchora, mwingine huhamishia mchoro kwenye kitambaa, na mwanafunzi huweza kupewa kujaza maeneo mapana huku bingwa akishika mistari ya ukingo. Katika sozni, udarizi wa sindano nyembamba unaoendelea hadi leo, sindano hudokoa nyuzi chache za juu bila kutoboa kitambaa kizima, hivi kwamba nakshi hulala sawa na sufu. Na katika do-rukha, shali ya pande mbili, hakuna upande wa kuficha kosa.

Historia ya baadaye inaunga mkono usomaji huu. Ukandamizaji wa wafumaji walioandamana Srinagar tarehe 29 Aprili 1865, kuporomoka kwa soko la Ufaransa baada ya vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870, na njaa ya 1877 hadi 1879 viliifikisha kani karibu na kutoweka, ilhali udarizi uliendelea majumbani na ukapata wanunuzi wapya, wakiwemo Waomani, ambao vilemba vyao bora, masar, hudariziwa Kashmir. Bila sindano, pengine jina la Kashmir lisingebaki katika biashara ya shali hata kidogo. Kinachohitajika sasa ni kuzigeuza shali kongwe zilizo katika makumbusho na kuzichunguza kwa nyuma, penye maungo ya rafugar, kwa kuwa tarehe ya 1803 kama mwanzo wa amli inategemea simulizi aliyoipokea msafiri mmoja takriban miaka 20 baada ya tukio.