Faili Ikipotea, Nani Abebe Hasara?

Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii. Askari wa KAR (King's African Rifles) waliwarudisha, lakini Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimekwisha kubisha hodi katika wilaya ya South Kavirondo, ambayo kisiwa cha Rusinga kilikuwa sehemu yake. Sheria ya 1915 iliruhusu wapagazi wa jeshi kuchukuliwa kwa nguvu, na Machi 1917 John Ainsworth, mkuu wa mkoa wa Nyanza, akakabidhiwa usombaji wa watu. Mpagazi mpya alilipwa rupia 5 kwa mwezi. Vifo vilivyoandikwa vilipita 40,000, na kuhara na nimonia viliua wengi kuliko risasi.

Vita vilipokwisha, Oscar Watkins, aliyeongoza ofisi ya wapagazi hao, alipigania mishahara ya marehemu iwafikie jamaa zao. Majina mengi yalikuwa yameandikwa ovyo na vijiji vimekosewa. Fedha ambazo wenyewe hawakupatikana, London ilikataa kuziachia. Karani alikosea, mjane akalipia kosa la karani, na hapakuwa na pa kukata rufaa.

Kwangu mimi, hapo ndipo pa kupimia utaratibu wowote wa rufaa za askari walioumia. Uzuri wa sheria siku faili ipo mezani hauonyeshi kitu. Tazama faili inapokosekana, kisha uulize hasara imemwangukia nani.

Wasuba wa Rusinga, waliochanganyika na Waluo kwa lugha na desturi, walijua baraza la wazee liitwalo doho, na juu yake buch piny, baraza la nchi nzima. Ushahidi ulikuwa vinywani mwa watu: nani alitoka na nani, nani alimwona akianguka, jeraha lilikuwepo kabla au baada. Daftari halikuwepo, basi halikuweza kupotea. Ila doho lilimpata mshtakiwa aliye jirani. Mwajiri aliyekaa Nairobi au London hakuitika wito wa wazee, na ndiye aliyeshika fedha. Wanaosifu mabaraza ya kale kana kwamba yangetibu kila kitu hupita haraka mno juu ya jambo hili.

Uislamu ulianza upande wa pili, kwenye daftari lenyewe. Khalifa Umar aliunda diwani ya kuorodhesha wapiganaji na posho zao. Karne kadhaa baadaye Al-Mawardi, aliyefariki 1058, alieleza kazi za baraza la mazalim, yaani kikao cha mtawala cha kusikiliza wanaodhulumiwa na watumishi wake. Miongoni mwa kazi hizo ameitaja wazi hii: malalamiko ya wanaolipwa posho, kwamba imepunguzwa au imecheleweshwa. Na kabla ya hiyo ametaja kuwakagua makarani wa diwani. Naipenda mantiki hiyo. Karani naye yumo kizimbani, na anayemhoji ana uwezo wa kumwamuru alipe, uwezo ambao doho halikuwa nao. Udhaifu wake ni kwamba yote yalitegemea mtawala mwenyewe awe mwadilifu.

Uingereza ilichelewa, lakini ilipofika ilikuja na kitu kizito. Sheria ya 1943 iliunda mabaraza ya rufaa ya pensheni yaliyo huru na wizara, na mwaka 1947, katika kesi ya Miller, jaji Denning akafafanua kipimo: sheria inapodhania kuwa ugonjwa wa askari umetokana na utumishi, ni juu ya wizara kuthibitisha kinyume chake pasipo shaka ya maana. Wakati huo askari wa KAR waliopigana Burma katika Vita Kuu ya Pili walikuwa ndio kwanza wamerudi makwao, na kiinua mgongo chao kilikuwa kimepangwa kwa rangi ya ngozi. Dola moja, ikiwa na mizani mbili.

Wamarekani ndio waliokutana na faili iliyopotea uso kwa uso. Bodi yao ya rufaa za maveterani ni ya 1933, na hadi 1988 uamuzi wake kwa kawaida haukufika mahakamani; mwaka huo ndipo Bunge lao lilipounda mahakama maalumu ya kuupitia. Sheria yao inasema ushahidi ukikaribia kulingana, mwenye madai ndiye anufaike na shaka. Kisha kuna moto wa Julai 1973 huko St. Louis, ulioteketeza majalada ya kijeshi kati ya milioni 16 na 18. Mahakama ile ikaja kuamua kuwa kumbukumbu zikipotea zikiwa mikononi mwa serikali, mzigo wa serikali wa kueleza uamuzi wake na kuipima shaka hiyo huongezeka. Foleni zao ni ndefu ajabu, kiasi kwamba mwaka 2017 walilazimika kuubadili mfumo mzima wa rufaa. Hata hivyo kwa jambo hili moja naona wamewazidi wote.

Kenya ina vijana waliorudi kutoka Somalia na majeraha tangu 2011. Ina pia Sheria ya Maveterani wa Jeshi ya 2022. Ningependa kanuni ziandike waziwazi kwamba jalada likipotea ofisini, shaka ni ya askari. Na kwamba rufaa isikilizwe Mbita, jirani na Rusinga, mbele ya mashahidi wanaomfahamu, si Nairobi pekee. Doho lingeleta mashahidi, na serikali ingeleta hundi.

Nawe uliyenyimwa malipo ya ulemavu, usikubali jibu la mdomo dirishani. Ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Zidai, utunze nakala, na wakikaa kimya peleka lalamiko lako kwa Tume ya Haki ya Utawala. Huduma hiyo hailipiwi.