Chini Ijumaa, Juu Jumatatu

Ufundi wa kushusha gari haukuletwa na watu wa maonyesho. Gari la maonyesho ni kazi rahisi: unalilaza chini, unalipakia kwenye lori, unaliteremsha uwanjani, basi. Vifaa tunavyofunga leo vilitokana na watu waliokuwa na gari moja tu, la kwendea kazini Jumatatu, na bado wakataka lilale Ijumaa jioni. Karibu kila mahali walipokuwa, askari au mkaguzi alikuwa anawasubiri. Mimi ni fundi wa miguu ya magari hapa Dar es Salaam, na kadiri ninavyoifuatilia historia ya kazi yangu ndivyo ninavyoamini kwamba sheria imetufundisha mengi kuliko viwanda.

Tuanze mashariki ya Los Angeles. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko walinunua Chevrolet zilizokwishatumika. Vijana wengine wa California walikuwa wanahangaika na injini, wanatafuta mbio. Hawa walitaka kinyume chake: kwenda polepole, gari linagusa lami kama linataka kuibusu, waonekane na kila mtu pale Whittier Boulevard. Njia yao ya mwanzo ilikuwa mifuko ya mchanga kwenye buti. Watu huicheka njia hiyo, mimi naiheshimu. Hukati kitu, huchomi kitu, na Jumatatu alfajiri unatoa mifuko, gari linapanda lenyewe.

Njia ya pili ilikuwa msumeno, na ya tatu, mbaya kuliko zote, moto wa gesi. Msumeno una mantiki yake. Springi ni waya mrefu uliokunjwa; ukiufupisha unakuwa mgumu. Yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ukikata mmoja na nusu, inakaza kwa karibu robo. Kwa hiyo gari limeshuka, lakini pia limekuwa gumu, na hilo linasaidia kidogo lisigonge chini. Ubaya ni kwamba ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikombe chake, na shokapu ikibaki ya urefu ule ule, ukiinua gari kwa jeki springi inacheza, mara nyingine inatoka kabisa. Moto hauna mantiki yoyote. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kikapata uwezo wa kurudi kinapominywa. Ukikipasha mpaka kiwe chekundu umekiondolea uwezo huo, na hujui upande upi utalegea zaidi. Nimeshaona gari lililochomwa springi: limeinama kushoto, mwenyewe anadhani tairi haina upepo.

Kisha ikaja sheria. Kuanzia mwaka 1958 California ilikataza gari kuwa na sehemu yoyote iliyo chini ya ukingo wa chini wa rimu. Askari hakuhitaji mashine ya kupimia. Aliangalia tu na kuandika faini. Ron Aguirre, kijana wa San Bernardino mwenye Corvette aliyoiita X-Sonic, alichoshwa na faini hizo. Mwaka 1959 alifunga pampu na silinda za haidroliki zilizotokana na mabaki ya ndege, ambazo baada ya vita ziliuzwa rahisi. Akiwa amepaki, gari limelala. Akimwona askari anakuja, anabonyeza, gari linapanda hadi urefu unaokubalika. Sheria iliyotaka kuua mtindo ndiyo iliyouzalia mashine yake. (Wafaransa watasema walitangulia, maana Citroën DS iliyooneshwa Paris mwaka 1955 ilipanda na kushuka tangu kiwandani. Ni kweli. Lakini Citroën walifanya hivyo kwa ajili ya raha ya abiria, si kwa kumkimbia askari.)

Mwaka huohuo wa 1958 Chevrolet walitoa Impala ya kwanza, yenye springi za mviringo kwenye magurudumu yote manne na fremu yenye umbo la X. Kwa fundi hii ni zawadi. Springi za majani za nyuma zimeondoka, na hakuna mihimili ya pembeni inayokaribia ardhi gari likilala. Ndiyo maana Impala za mpaka 1964 zimekuwa kipenzi cha watu wa Los Angeles hadi leo. Ile sheria, au sehemu yake kubwa, ilifutwa tarehe 1 Januari 2024, baada ya miaka 66. Kufikia wakati huo hakuna aliyekuwa anaihitaji tena ili ajifunze haidroliki.

Ulaya sitakaa sana. Yako mawili tu yanayotugusa. La kwanza ni mguu aliouchora Earle MacPherson, ambao Ford waliuweka kwenye Consul na Zephyr za Uingereza mwaka 1950: shokapu na springi zimekuwa kitu kimoja, na shokapu yenyewe inabeba gurudumu. Ni rahisi kutengeneza na ni mwepesi, ndiyo maana umejaa kila mahali, kuanzia Golf hadi Impreza. Lakini ukiushusha sana, mkono wa chini unainama kuelekea juu, tairodi nazo zinabadilisha pembe, na tairi zinaanza kuliwa upande wa ndani. Jambo la pili ni karatasi. Ujerumani huwezi kubadilisha springi kiholela. Kifaa lazima kiwe na kibali, na mkaguzi akubali. Kwa hiyo watengenezaji wa springi kama Eibach walilazimika kutengeneza springi fupi inayolingana na gari fulani, iliyopimwa, inayokaa kwenye kikombe chake hata gurudumu likining'inia. Msumeno ulikufa kifo cha makaratasi.

Japani ndiko tunakopata mali zetu. Miaka ya 1970 na 1980 vijana wao nao walikata springi, gari linalala mpaka bampa inakwangua. Lakini kila baada ya miaka miwili gari lao linakwenda ukaguzi, na chini ya sentimita 9 kutoka ardhini halipiti. Mwaka 1995 serikali ililegeza masharti ya kubadilisha vifaa vya magari, na soko likafunguka. Kifaa kilichokamata soko kilikuwa shokapu yenye nyuzi mwilini, ambayo unaizungusha ringi gari linapanda au linashuka. Siku ya ukaguzi unalipandisha, kesho yake unalirudisha. Utaona ni ule ule mfuko wa mchanga, ila umetengenezwa kwa mashine.

Shokapu hizo zimekuja hapa kwetu ndani ya Altezza, Chaser na GX100. Gari linatoka bandarini, mwenye nalo analiendesha siku chache, anakutana na matuta, na kabla ya mvua analileta tumtolee. Nyingi ya shokapu hizo nimezifungua kwa patasi na nyundo, kwa sababu ufunguo wake ulibaki Japani na chumvi ya bahari imekula nyuzi. Ringi zipo mbili: ya juu inabeba springi, ya chini inaikaza ile ya juu isizunguke. Zile za bei nafuu, ukishusha ringi unailegeza springi pia, mwishowe inapiga kelele kila shimo. Zile nzuri zina nyuzi nyingine chini, kwenye kikombe kinachofungwa kwenye mguu. Huko unafupisha mwili wote wa shokapu bila kugusa springi wala nafasi yake ya kucheza. Kabla hujanunua za mtumba, geuza uangalie kama hizo nyuzi za chini zipo, kisha futa fimbo kwa kitambaa uone kama inamwaga oili.

Juzi alikuja kijana na Altezza anayoitumia kila siku kutoka Mbagala kwenda mjini, na Jumamosi anabeba mama yake.

"Shikamoo mzee. Nataka iwe chini, vidole viwili tu kati ya tairi na madigadi."

"Marahaba. Vidole viwili ukiwa peke yako, au mama akiwa nyuma?"

Hakuwa amefikiria hilo. Nilimwambia achukue springi fupi zinazoshusha milimita 30, zisizidi hapo, pamoja na shokapu fupi zilizotengenezewa springi hizo, maana shokapu ya kawaida itakuwa inafanyia kazi nusu yake ya chini na itagonga raba kila tuta. Bushi zilizochoka zibadilishwe kabla hatujashusha, na alaimenti ifanyike siku hiyohiyo. Nikamtajia na bei. Alikaa kimya, akazunguka gari lake mara moja, akainama kuchungulia ndani ya tairi la mbele.

"Sasa mzee, hizi nilizonazo haziwezi kukatwa?"