Mtandao wa kijamii ukifa, mtengeneza maudhui mdogo hupoteza nini?

Oktoba 27, 2016, Twitter ilitangaza kuifunga Vine, programu ya video za sekunde 6 iliyozinduliwa Januari 2013. Januari 17, 2017, Vine ikageuzwa kuwa kamera tu: unarekodi, unahifadhi kwenye simu au unaposti Twitter, basi.

Vine iliwapa watumiaji nafasi ya kupakua video zao. Lakini kinachopakuliwa ni video, si wafuasi. Na hapo ndipo wadogo wanapoumia.

Wakubwa walihama na watu wao

Mastaa wa Vine kama King Bach, Lele Pons na Logan Paul walishajijenga kwingine, hasa YouTube na Instagram. Mwenye wafuasi elfu mbili tatu hana meneja wala mkataba. Wafuasi hao hana hata namba zao za simu. Orodha yao iko mikononi mwa kampuni. Mtandao ukifungwa, anaanza sifuri.

Mtandao hauanguki siku moja

Dalili ya mvua ni mawingu. Juni 2013 Instagram ilileta video za sekunde 15, zaidi ya mara mbili ya Vine. Vine nayo haikuwa na utaratibu wa kuwagawia watengeneza video mapato ya matangazo. Waliolipwa walitegemea mikataba yao na kampuni za bidhaa. Wakubwa walipoanza kuondoka, watazamaji waliwafuata. Mdogo akabaki anaposti kila siku, huku wa kumtazama wanapungua.

Kazi yenyewe inaweza kupotea

Mwaka 2019 MySpace ilikiri kuwa picha, video na nyimbo za zamani huenda zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Nyimbo zilizopotea zilikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50. Baadaye Internet Archive ilirudisha takriban 490,000, yaani chini ya wimbo 1 katika kila 100. Aliyeifanya MySpace kuwa stoo yake hakuwa na pa kwenda kuuliza.

Ufanye nini mapema?

• Hifadhi video au wimbo halisi nje ya mtandao: kwenye kompyuta, diski ya nje au memori kadi. Nakala 2 ni bora kuliko 1.

• Fungua akaunti kwenye mtandao wa pili kwa jina lile lile, na uwaambie wafuasi mapema, wakati bado wanakuona.

• Kusanya namba za simu au barua pepe za wanaokubali kukupa. Watu 200 unaoweza kuwatumia ujumbe mwenyewe wana uhakika kuliko wafuasi 5,000 unaowafikia kwa hisani ya kampuni.

• Kama unauza keki, nguo au muziki, mteja akishanunua mara ya kwanza, omba namba yake. Huyo hatapotea hata programu ikifungwa kesho.