Ufa wa Askari, Ufa wa Mkimbiaji

Alfajiri, umande ukiwa bado majanini, wakimbiaji wa Gitega na Muyinga, Burundi, wameshaingia barabarani. Gitega iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia zake nyingi ni kupanda na kushuka. Mguu hupiga ardhi maelfu ya mara kabla chai haijachemka. Kisha siku moja maumivu yanaanza juu ya wayo, mahali padogo pa kuonyesha kwa kidole kimoja. Hukuanguka wala hukujikwaa.

Aliyeyaeleza kwanza hakuwa daktari wa wanamichezo. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliona miguu ya askari waliotembea safari ndefu ikivimba na kuuma. Alidhani ni kano. Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895, njia ikafunguka: mwaka 1897 daktari Stechow alionyesha kwamba mifupa yenyewe ya wayo ilikuwa imepasuka. Miaka 42 mizima!

Miguu ya namna hiyo imepita hapa pia. Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliiteka Kitega, kama Gitega ilivyoitwa wakati huo, yakaendelea hadi Tabora, ambayo iliangukia mikononi mwao Septemba. Wapagazi walitembea nayo, wakibeba mizigo ya majeshi hayo.

Kinachotugusa zaidi ni kisa cha Francine Niyonsaba, mzaliwa wa Ruyigi, mashariki mwa Gitega. Alitwaa medali ya fedha ya mita 800 katika Olimpiki ya Rio 2016. Kanuni za 2019 kuhusu homoni za wanariadha wa kike zikamfungia mbio hizo, naye akahamia za masafa marefu; Septemba 2021, mjini Zagreb, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5:21.56. Mwaka uliofuata ufa katika mfupa wa mguu ukamkosesha mashindano ya dunia ya Eugene. Hakuwa mzembe. Mfupa ni kitu hai: hubomoa sehemu iliyochakaa, kisha hujenga upya, na ubomoaji hutangulia. Mazoezi yakiongezwa haraka, au chakula kikipungua, ujenzi unaachwa nyuma.

Ufa mwingi wa wayo hupona kwa wiki 6 hadi 8 za kupumzika. Kuukanda kwa nguvu hakuuungi.

Makocha na wazazi wa Muyinga, binti akionyesha maumivu kwa kidole kimoja, msimamisheni siku hiyohiyo. Muulizeni anakula nini, na kama hedhi yake imekatika, dalili kwamba huenda chakula hakitoshi. Eksirei ya kwanza isipoonyesha kitu, bado apumzike, nayo irudiwe baada ya wiki mbili au tatu. Mara nyingi ufa huonekana hapo.